Kilicho salama kinywani huweza kuwa sumu mapafuni

Usione vyaelea, vyaundwa. Ndivyo wazee wetu walivyomsifu fundi, na sifa hiyo haijachakaa. Pale Kamukunji jijini Nairobi, pipa kuukuu hugeuzwa jiko au sanduku kwa nyundo na patasi tu. Kwa hiyo hatuna haki ya kuwacheka wale wavutaji wa Ulaya na Marekani ambao, tangu mwaka wa 2008 hivi, walikaa majumbani mwao na kibano, keekee na bomba la sindano, wakiichokoa sigara ya elektroniki ili waitengeneze upya. Hata hivyo, ufundi wao una funzo linalotuhusu sote.

Sigara hiyo ilibuniwa nchini China mwaka wa 2003 na mfamasia Hon Lik, aliyekuwa mvutaji sugu. Ilipofika ughaibuni miaka michache baadaye, ilikuwa na sehemu tatu: betri, kipashio chenye waya mwembamba wa kutoa joto, na katriji. Katriji yenyewe ilikuwa kikopo kidogo cha plastiki kilichoshindiliwa sufi ya nyuzi za polyesta, nayo sufi ikaloweshwa kiowevu chenye nikotini. Mtu alipovuta, kiowevu kilitarajiwa kuufikia waya kikageuka mvuke.

Lakini sufi ile ilikuwa na choyo. Ilikishika kiowevu isikiachilie. Waya ukakauka, na mvutaji akaambulia ladha ya kuungua ilhali katriji ingali imelowa. Basi wateja wakajitwalia kazi ya kiwanda. Huyu aliing'oa sufi kwa kibano, mahali pake akatia karatasi ya kifuko cha majani chai. Yule alikata kipande cha sifongo ya kuchujia maji ya tangi la samaki. Wengine walitoboa katriji iliyokwisha wakaijaza tena kwa sindano, maana kununua mpya kila mara kulikuwa ghali. Baadaye viwanda vilileta katriji zilizounganishwa na kipashio, kisha vitangi vya kujazwa, ili kuondoa kero ile ile.

Hadi hapo, ni nani asiyempongeza fundi? Kasoro iko katika hoja aliyoitegemea. Alijiambia kwamba karatasi ya chai haijamdhuru mtu kikombeni, na sifongo haijaua samaki, basi vyote ni salama. Alisahau kwamba chai hushuka tumboni, lakini mvuke huenda mapafuni. Chakula hupitia tumbo, utumbo na ini kabla ya kuenea mwilini. Utando wa ndani ya mapafu ni mwembamba mno, na kinachoupenya huingia damuni mara moja.

Ushahidi upo. Mwaka wa 2000, wataalamu wa afya nchini Marekani walianza kuchunguza maradhi mabaya ya mapafu yaliyowapata watu waliokuwa wamefanya kazi katika kiwanda cha bisi jimboni Missouri. Mshukiwa mkuu alikuwa diasetili, kemikali inayovipa vyakula harufu ya siagi. Walaji wa bisi waliila bila kupatwa na maradhi hayo. Walioumia ni waliovuta mvuke wake kazini. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima ladha 51 za sigara za elektroniki, na katika 39 waliikuta diasetili hiyo hiyo.

Mkasa mkubwa zaidi ulizuka huko huko Marekani mwaka wa 2019. Kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki kutokana na madhara ya mapafu, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta katriji zenye mafuta ya bangi, zilizopatikana kwa marafiki na wachuuzi wa vichochoroni. Waliozijaza walikuwa wameyazimua mafuta hayo kwa aseteti ya vitamini E. Vitamini hiyo watu huimeza kama kidonge na kujipaka ngozini wasipate neno. Ilipovutwa, iliua.

Nikotini nayo si ya kuchezewa. Mwishoni mwa 2014, mtoto mchanga alifariki katika jimbo la New York baada ya kunywa kiowevu chake. Anayejaza katriji mezani nyumbani huiweka chupa hiyo karibu na mikono midogo isiyojua hatari.

Wapo watakaosema kwamba hata kiwanda huuza vibaya. Ni kweli, na ndiyo sababu sheria ni lazima. Kanuni za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka wa 2016, huruhusu mililita 2 tu katika katriji na miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita. Uganda ilizipiga marufuku sigara hizi kwa sheria ya mwaka wa 2015. Hapa Kenya, sheria ya tumbaku ni ya mwaka wa 2007, na mswada wa kuirekebisha ili ivihusu vifaa hivi ulifikishwa katika Seneti mwaka wa 2024. Wabunge wasiishie kuuliza kodi ni shilingi ngapi. Waulize pia ni nini kinachoingia mapafuni, na ni nani aliyekipima.

Nawe fundi wa nyumbani, jiko likitoboka utaliziba, na katriji ikivuja utaitupa. Pafu halina kiraka.