Mapapai: Bakizeni ya Watoto

Siku ya soko wakulima wengi huuza mapapai yote mazuri, na watoto nyumbani hubaki na ugali na chumvi. Fedha ni jambo jema, lakini yafaa mjue mnauza nini.

Ile rangi ya manjano iliyo ndani ya papai bivu hugeuzwa mwilini kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa, kwanza haoni vizuri jua likisha kuchwa, hujikwaa ovyo. Akiachwa hivyo aweza kupofuka. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali upesi, maana papai ni chakula cha kukinga, si dawa.

Tena papai lina vitamini C, inayousaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, ili kuongeza damu. Lilieni bivu, bila kupikwa, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Bila mafuta, vitamini A haiingii vema mwilini.

Basi pandeni mipapai karibu na nyumba, miche mitatu kila shimo. Ikichanua, ng'oeni ya kiume iliyozidi, mkiacha michache ya kuchavusha, na katika mashimo mengine mbakize mmoja wa kike ulio na nguvu.