Jogoo au mtetea? Vifaranga na amana ya muuzaji

Mwaka juzi kamati ya msikiti wetu ilitoa fedha katika mfuko wa wajane, tukanunua vifaranga 100 wa siku moja. Muuzaji alituhakikishia kuwa ni kuku wa mayai, mitetea watupu, nasi tukalipa bei ya mitetea. Akina mama saba wakapokezana zamu za kuwalea: joto usiku, maji safi asubuhi, chanjo ya kideri kwa wakati wake. Matumaini yalikuwa kwamba baada ya miezi mitano mayai yangelipa ada za watoto wao.

Ilipofika wiki ya saba, panga za vichwani mwa wengi wao zilikuwa kubwa na nyekundu. Tulipohesabu, mitetea walikuwa 41 kati ya kuku 94 waliosalia. Muuzaji hakupatikana tena.

Katika kikao, mzee wetu mmoja alishauri tuwauze mapora wale upesi, pamoja na matemba, kabla hawajaanza kuwika. Mnunuzi asiye na uzoefu asingetambua. Ndipo mmoja wa akina mama aliposema kwa upole: “Wazee wangu, huyo tutakayemuuzia naye ana watoto wake.” Kikao kikanyamaza. Tangu siku hiyo tuliona kwamba kumtambua kifaranga si elimu ya ufugaji peke yake, bali ni mlango wa amana.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba kifaranga wa siku moja kwa kawaida haoneshi jinsi yake kwa macho ya mtu wa kawaida. Wapo wanaomshika miguu na kumning'iniza kichwa chini, na wapo wanaochagua mayai yaliyochongoka wakitaraji majogoo. Hayo hayana msingi. Kwa kuku, jinsi huamuliwa na mbegu ya mama kabla yai halijatagwa, na umbo la ganda halina habari nayo.

Njia zinazotegemewa ni tatu. Ya kwanza ni kuchunguza tundu la haja la kifaranga, elimu iliyobuniwa na wataalamu wa Japani katika miaka ya 1920. Huhitaji mafunzo marefu, na asiyeijua humuumiza kifaranga bure.

Ya pili ni rangi. Kuna kuku waliozalishwa makusudi ili rangi itenganishe jinsi. Kwa wengi wa kuku wa mayai wa rangi ya kahawia, vifaranga vya kike hutoka na rangi ya kahawia, na vya kiume hutoka vya njano au vyeupe. Vilevile jogoo wa Rhode Island Red akipandishwa kwa mtetea wa Plymouth Rock mwenye milia, vifaranga vya kiume huwa na doa jeupe kichwani, na vya kike hukosa doa hilo.

Ya tatu ni manyoya ya bawa. Katika koo zilizotayarishwa kwa njia hii, kifaranga cha kike huwa na manyoya makuu marefu kuliko yale yanayoyafunika kwa juu. Cha kiume huwa nayo sawasawa, au ya juu yakazidi. Alama hii husomwa katika siku mbili tatu za mwanzo tu, kisha hupotea.

Rangi na bawa husema kweli kwa mzao ule uliopangwa tu. Ukiwachanganya kuku hao nyumbani, vizazi vinavyofuata havitakupa alama hiyo. Kwa kuku wa kienyeji na chotara wengi, hakuna budi kusubiri upanga na ndevu, na baadaye manyoya ya shingo na kiunoni, ambayo kwa jogoo huwa marefu yaliyochongoka na kwa mtetea hubaki ya mviringo.

Aina nayo ina hila zake. Wale vifaranga vya kiume vya njano wa kuku wa mayai hufanana mno na vifaranga vya kuku wa nyama, na wapo wanaowauza kwa jina hilo. Mzani ndio shahidi: kuku wa nyama aliyelishwa vizuri hufikia takribani mara nne ya uzito wake wa kuzaliwa kwa siku saba, ilhali wa mayai hata mara mbili hufika kwa shida. Aina kama kuchi na kishingo hutambulika mapema kidogo, kwani kishingo hutotolewa na shingo tupu.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili. Imepokewa kuwa Mtume (SAW) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwa mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wao. Kifaranga ni rundo lile lile: juu pakavu, unyevu uko chini.

Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba bidhaa ikiuzwa kwa sharti la sifa fulani na sifa hiyo ikakosekana, mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Na katika madhehebu ya Shafi, akishaijua aibu asicheleweshe. Basi tununuapo, tuandikiane: aina, jinsi, mahali walikototolewa, na simu ya muuzaji. Tumuulize jinsi imetambuliwa kwa njia ipi. Na muuzaji asiyejua, aseme hajui na auze kwa bei ya mchanganyiko. Biashara hiyo ni halali na moyo umetulia.

Mapora wetu tuliwalea hadi wakafikia uzito wa kuchinjwa, tukawauza kwa jina lao: majogoo wa nyama. Faida ilikuwa ndogo, na ada za muhula mmoja zikachelewa. Mitetea 41 walipoanza kutaga, akina mama wakaanza kulipa kidogo kidogo. Mwaka huu wamenunua vifaranga wengine, kwa karatasi iliyotiwa saini na pande mbili. Aliyeisoma kwa sauti mbele ya muuzaji, neno kwa neno, ni yule mama aliyekinyamazisha kikao.

Mwenyezi Mungu (SW) atujaalie kuwa wakweli katika yale ambayo macho ya wenzetu hayayaoni. Amin.