Milima ya povu: nani anakula faida ya vita vya mezani?

Desemba 2024, kampuni inayouza askari wa plastiki, wengi wao wasiozidi urefu wa kidole gumba, iliingia FTSE 100, orodha ya kampuni kubwa kuliko zote katika Soko la Hisa la London. Ni Games Workshop ya Nottingham, wenye mchezo wa Warhammer. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1, 2025, mapato yake yalivuka pauni milioni 600, na faida kabla ya kodi ikapita pauni milioni 260. Katika kila pauni 100 zilizoingia, zaidi ya 40 zilikuwa faida. Viwanda vingi huishi na kufa bila kuuona uwiano huo.

Lakini askari hao hawapigani juu ya meza tupu. Wachezaji wawili hukabiliana, kila mmoja na jeshi lake la mazimwi, majitu na mashujaa wa kubuni aliowapaka rangi kwa mkono. Wanapima mwendo kwa futikamba na kuamua mapigo kwa dadu. Pasipo kilima cha kujificha, gofu la kuvizia au ukuta wa kuzuia macho ya adui, mwenye wapiga mishale wengi humaliza mchezo kabla chai haijapoa. Mandhari ni sehemu ya kanuni za mchezo sawasawa na dadu, na mchezaji asiyekuwa nayo lazima aipate mahali. Hapo ndipo inapozaliwa biashara ya pili, isiyo na hisa sokoni wala ripoti ya mwaka: mafundi wanaochonga milima, mapango, minara na magofu kutoka kwenye povu gumu la plastiki.

Povu hilo si geni kwa msomaji. Lile jeupe la punjepunje linalokinga televisheni mpya ndani ya boksi ni aina mojawapo, na nchini Kenya Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda Mavoko kinacholigeuza kuwa paneli za kuta. Fundi wa mandhari hulitumia kwa vilima vikubwa tu, kwa sababu likiguswa na kisu linamwaga punje chumba kizima. Analolitafuta ni ndugu yake aitwaye XPS, linalotoka mashineni likiwa bamba lililoshikana, lenye vishimo vidogo mno vilivyofungwa, linalokatika kama jibini. Hakuna kiwanda kinachotengeneza XPS kwa ajili ya wacheza michezo. Kazi yake ni kuzuia baridi kwenye kuta na sakafu za nchi zenye theluji, na fundi wetu ni mteja wa pembeni anayeokota mabaki ya sekta ya ujenzi.

Upembeni huo una gharama. Kwenye majimbo ya baridi ya Marekani bamba nene linapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Florida au kusini mwa California fundi huhangaika kulipata, maana huko nyumba hazilihitaji. Na kanuni za gesi zinazoharibu hali ya hewa zilipobadilika, DuPont, waliorithi jina la Styrofoam kutoka Dow, waliliacha lile bamba la buluu lililojulikana miongo kadhaa na kuleta la kijivu Amerika ya Kaskazini. Mafundi waliliomboleza la buluu kana kwamba wamefiwa, ingawa rangi ya bamba haijawahi kuonekana kwenye kazi iliyokamilika hata siku moja.

Tuingie karakana, ambayo mara nyingi ni chumba cha kulala wageni au gereji. Fundi anayejenga nyumba ya mawe ya ghorofa mbili huanza kwa kukata kuta kwa waya wa moto, ambao huyeyusha povu mbele yake na kuacha uso laini. Halafu huchora mstari wa kila jiwe kwa penseli, akikandamiza kiasi cha kuacha mfereji. Ili mawe yasionekane kama vigae vya bafuni, huviringisha tonge la foili ya jikoni na kuligongagonga juu ya ukuta mpaka uso uparuze. Mbao za paa hutoka kwenye vijiti vya aiskrimu au mbao nyembamba za balsa, na vigae vya paa hukatwa kimoja kimoja kwenye kadibodi. Kisha huja hatua ambayo anayeanza huipuuza akajuta: kuvika povu koti la gundi iliyochanganywa na rangi nyeusi. Rangi ya kopo la kupuliza ina viyeyushi vinavyokula povu, na ukuta usio na koti hugeuka uji mbele ya macho yako. Baada ya hapo ni tabaka za rangi, kutoka nyeusi kwenda kijivu hadi karibu nyeupe, kwa brashi iliyokaushwa ili ishike kwenye vilele vya mawe tu. Mwishowe hufuata maji ya rangi ya kahawia yanayotuama kwenye mifereji, na majani bandia kwenye kona.

Hatua hizo zote hazihitaji malighafi ya maana. Bamba la XPS la mita 1.2 kwa sentimita 60, lenye unene wa sentimita 5, lina uzito wa kilo moja na kitu, na kuta za nyumba kadhaa hutoka humo. Kinacholiwa ni saa. Tuchukulie fundi mzoefu anaimaliza nyumba yetu kwa saa 15. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu mzima, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Hesabu hiyo inafika pauni 183 kabla hajalipia povu, gundi, rangi wala umeme. Akiuza kupitia Etsy, soko la mtandaoni ambalo mafundi wa mikono wengi hulikimbilia, anakatwa senti 20 za dola kwa kuorodhesha bidhaa na asilimia 6.5 ya mauzo, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 5 mwezi Aprili 2022 huku baadhi ya wauzaji wakifunga maduka yao kwa mgomo. Mteja naye anaona jirani yake akinunua nyumba ya mbao za MDF zilizokatwa kwa leza, ya kuunganisha mwenyewe, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Kwa hiyo fundi ana njia mbili: atoze bei ya haki abaki na wateja wachache wenye nafasi, au ajidanganye kwamba saa zake za usiku hazina bei. Kwa ninavyoisoma biashara hii, njia ya pili ndiyo yenye msongamano. Anayefanya kazi kwa mapenzi baada ya saa za ofisi huishusha bei ya anayetaka kula kwa kazi hiyo hiyo, na hakuna chama cha kumzuia.

Waliotajirika, au angalau walioweza kuacha ajira nyingine, ni wale waliogundua jinsi ya kuchonga mara moja na kuuza mara elfu. Mfano ulio wazi ni Dwarven Forge ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1996 na mchongaji Stefan Pokorny. Kuta na sakafu za mapango yake huchongwa kwa mkono, halafu hutolewa nakala kwa kalibu. Mwaka 2013 kampuni hiyo iliomba wateja walipie mapema kupitia Kickstarter, na ikakusanya takriban dola milioni 1.9. Hirst Arts, nayo ya Marekani, ilikwenda hatua moja nyuma zaidi: inauza kalibu za mpira, mteja anamimina plasta nyumbani kwake na kufyatua matofali yake mwenyewe. Saa za kazi zikahamia kwa mteja, naye akazifurahia na kuziita burudani.

Mnyororo wa povu nao una walaji wa aina hiyo. Proxxon, kampuni ya Ulaya ya zana ndogondogo, inauza mashine ya meza ya waya wa moto ambayo kwa fundi wa povu ni kama cherehani kwa fundi nguo. Green Stuff World ya Hispania inauza pini za kusukumia zenye michoro: unaviringisha pini juu ya udongo wa kuchongea au povu, na sakafu ya mawe inatokea kwa dakika. Kuna pia walimu. Chaneli ya YouTube ya Black Magic Craft, ya Canada, imewafundisha watu wengi kuchanganya gundi ya Mod Podge na rangi nyeusi kiasi kwamba mchanganyiko huo sasa ni kama sheria. Mwalimu wa namna hiyo hauzi nyumba. Matangazo na michango ya kila mwezi ya watazamaji ndiyo mshahara wake, na nyumba aliyojenga inabaki kabatini kwake ikiwa imekwisha kulipwa.

Games Workshop yenyewe ililijua hilo zamani. Miaka ya 1990 ilichapisha kitabu cha kuwaelekeza wateja wajenge mandhari yao kwa povu na makopo matupu. Kampuni iliyotaka kuuza kila kitu iligawa maarifa ya kutengeneza vilima karibu bure, na haikukosea hata kidogo, kwa sababu kila meza mpya iliyopata vilima ilihitaji majeshi mawili. Baadaye ikaanza kuuza magofu yake ya plastiki, lakini vilima vikubwa vya kawaida haikung'ang'ania sana. Kalibu ya chuma ya kiwanda ni mali ya bei kubwa, na mwenye akili huitumia kumtoa askari anayeuzika kwa faida nono kuliko tuta la udongo.

Upande ambao haumpi fundi usingizi ni usafirishaji. Povu ni hewa iliyofungwa kwenye ngozi nyembamba ya plastiki, na kampuni za vifurushi hazisafirishi hewa bure. Kwa vifurushi vya kimataifa, wengi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000 kupata kilo za kutoza. Kasri lililowekwa kwenye boksi la sentimita 60 kwa 60 kwa 30 hutozwa kama kilo 21.6, hata kama mizani inasoma kilo tatu. Ongeza hofu ya kuvunjika njiani: mnara wa povu hauvumilii kurushwarushwa.

Siasa za biashara nazo zimeongeza chumvi. Tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya unatoza VAT kila kifurushi kinachotoka nje, hata cha bei ndogo, na Uingereza sasa iko nje. Desemba 2024 zikaja kanuni mpya za usalama wa bidhaa zinazomtaka muuzaji wa nje awe na mwakilishi ndani ya Umoja, na wauzaji wadogo kadhaa wa Uingereza waliona afadhali wafunge mauzo ya Ulaya. Agosti 29, 2025 Marekani ikaondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800. Kwa Games Workshop, yenye maduka na wanasheria, hayo ni maumivu ya kichwa. Kwa mtu anayepiga rangi nyumba gerejini, ni mlango uliofungwa.

Kisha kuna printa ya 3D. Kampuni ya Creality ilipoleta printa yake ya Ender 3 mwaka 2018 kwa bei ya karibu dola 200, mlango na dirisha la gothiki vikawa kazi ya mashine inayofanya kazi mwenye nyumba akiwa amelala. Printable Scenery ya New Zealand na wengine huuza faili badala ya nyumba, na faili haina uzito wala ushuru wa forodha. Wapo waliotabiri kwamba povu limekwisha. Sioni hivyo, na sababu yangu ni ukubwa. Printa ya bei hiyo ina kitanda cha sentimita 22 kwa 22. Kulichapisha genge la mita moja ni kazi ya siku nyingi na vipande vya kuunganisha, wakati fundi wa povu hulikata mchana mmoja. Mafundi wengi nao wameacha ubishi: genge la povu, milango ya printa, na mteja hatofautishi baada ya rangi.

Mashindano hayawasaidii mafundi. Tamasha la wachezaji 100 linataka meza 50 zenye magofu yanayofanana ili asionewe mtu, yanayopangika ndani ya masanduku na kustahimili kubebwa kila mwaka. MDF inashinda hapo bila mjadala. Povu linabaki mfalme kwenye maonyesho kama Salute ya London, inayoandaliwa na klabu ya South London Warlords, na Partizan ya Newark. Kampuni yenye jeshi jipya la kuuza inahitaji meza moja ya kuwasimamisha watu, yenye bonde, mto na ngome iliyobomoka nusu. Meza hiyo huhesabiwa kwenye bajeti ya matangazo, na bajeti ya matangazo haimuulizi fundi alitumia saa ngapi. Si ajabu kwamba eneo la Nottingham, lenye Warlord Games, Mantic Games na Perry Miniatures mbali na Games Workshop yenyewe, ni mahali pazuri pa kuwa fundi wa kazi hii. Kazi inapelekwa kwa gari, bila boksi wala forodha.

Jambo moja halimo kwenye bei ya mtu yeyote. Povu likiungua kwenye waya hutoa mvuke wenye stairini, kemikali ambayo wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani iliipandisha mwaka 2018 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani. Kiwandani kungekuwa na feni ya kufyonza na mkaguzi. Gerejini kuna dirisha, nalo wakati wa baridi hufungwa. Anayeagiza kasri kwa bei ya chini anapunguziwa pia gharama hiyo ya feni.

Ushauri kwa anayefikiria kuingia basi ni wa kihesabu tu. Nyumba moja moja za kuuza mtandaoni zina wauzaji wengi na faida finyu. Meza nzima kwa mteja anayeweza kuifuata kwa gari ina washindani wachache, kwa kuwa kiwanda hakiitaki na kifurushi hakiibebi. Anayeandaa bei ya kazi hiyo aanze kwa kumuuliza mteja anaishi kilomita ngapi kutoka karakana, ndipo waongee habari za mazimwi.