Puran Singh, mutu wa laboratwari aliyeimba majani

Mutu aliyeshinda mu usine, katikati ya asidi na mvuke, macho yakiwasha, akifika kwa nyumba anataka nini? Maji ya kuoga, bukari, kisha usingizi. Puran Singh, yeye, akitoka mu laboratwari alikaa chini na kuandika mashairi.

Alizaliwa mu mwaka wa 1881, mu kijiji cha Salhad karibu na Abbottabad, inchi ambayo leo ni Pakistan. Wakati ule Waingereza ndio walitawala. Baba alikuwa karani mudogo wa serikali, kila mara mbali kwa kazi, kwa hiyo mama ndiye alimulea. Mu 1900 akapata burse ya kwenda Tokyo, Ujapani, kusomea kemia.

Kule akapotea njia, kama wazazi wake walivyoiona. Akaingia utawa wa Wabudha; kisha akamufuata Swami Ram Tirath, mwalimu wa Kihindu. Mutoto wa Sikh kunyoa nywele si jambo dogo, musifikiri! Alirudi India mu 1903, akaoa mwaka uliofuata, lakini alirudilia imani ya wazazi mu 1912 tu, mu muji wa Sialkot, kisha kukutana na mushairi Bhai Vir Singh.

Lakini tuongelee kazi yake, juu hapo ndipo wengi watamuelewa. Tangu 1907 mpaka 1918 alikuwa mukemia wa chuo cha misitu mu Dehra Dun. Alichunguza mafuta ya majani, utomvu wa misonobari, na maganda ya miti yanayotumika kulainisha ngozi. Namna ya kutoa mafuta mu majani ni hii: unafungia majani mu chungu kikubwa, unapitisha mvuke wa maji yanayochemka, mvuke unabeba mafuta na kuingia mu mupira unaopozwa na maji baridi. Unageuka maji tena, na mafuta yanaelea juu. Magunia na magunia ya majani, unapata chupa kidogo tu. Mwenye kujua mawe mangapi yanapitishwa kwa kilo moja ya mukuba hatashangaa.

Masikh wanamufuata Guru Nanak, aliyezaliwa mu 1469. Wanashika mambo tatu: kukumbuka jina la Mungu, kula jasho lako mwenyewe bila kuiba, na kugawa na wengine. Ndiyo sababu kila nyumba yao ya sala iko na jiko, na kila mutu anakula kule bure, tajiri na masikini wamekaa chini mustari moja. Kwa wao, kazi ya mikono si laana. Puran Singh alilishika hilo kwa nguvu. Kwake, mulimaji aliye na jembe lake, ama musichana anayesokota uzi huku moyo ukimukumbuka Muumba, iko karibu na Mungu kuliko mutu wa dini aliyejaa maneno ya kitabu. Majani, mito ya Punjab, mbingu, hakuviabudu. Lakini aliona vinamuamsha mutu aliyelala.

Aliandika kwa Kipunjabi bila kufunga vina, namna aliyoipenda kwa Walt Whitman wa Marekani. Kitabu chake Khule Maidan kilitoka mu 1923. Vingine aliandika kwa Kiingereza.

Mimi niko na neno moja juu yake. Wakati ingine anaupamba umasikini kupita kiasi. Mulimaji mwenye deni, mwenye mutoto mugonjwa, haimbi kila asubuhi, na muchimbaji pia haimbi. Lakini Puran hakuongea akiwa amekaa mu kivuli, kwani mambo yalimufikia yeye mwenyewe. Mu 1926 alipata shamba karibu na Nankana Sahib, akapanda majani ya kutolea mafuta ya harufu nzuri. Mara hii haikuwa kwa chuo cha mutu mwingine. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, na matumaini ya nyumba yake. Mu 1928 maji ya mafuriko yakabeba yote.

Wanasema alifurahi kwamba aliokoa karatasi za vitabu vyake. Bibi yake alisema nini siku ile, sikuona mahali palipoandikwa.

Hakusimama tena sawa mbele. Kifua kilimushika, kifua kikuu ile tunayoiogopa mu makartye yetu. Alirudi Dehra Dun, akakufa tarehe 31 Machi 1931, akiwa na miaka 50. Punjab ilipokatwa mara mbili mu 1947, kijiji alichozaliwa na shamba lile lililobebwa na maji vilibaki Pakistan. Dehra Dun ikabaki India.