Je, Wajua? Koo la Vali Lina Kikomo Chake

Kwenye kompresa ya fundi pancha, juu ya mtungi wa upepo, kuna kidude cha shaba chenye pete ndogo. Hiyo ndiyo vali ya usalama. Springi huibana ikae imefungwa. Presha ikizidi kiwango kilichowekwa, springi hushindwa na upepo hutoka. Swichi ya kuzima mota ikigoma, kidude hicho ndicho kinachozuia mtungi usipasuke.

Lakini tundu lake liwe na upana gani? Hapo ndipo gesi inapoonyesha maajabu yake. Presha ya nje ikiwa chini ya takriban asilimia 53 ya presha ya ndani, zote zikipimwa kuanzia ombwe, hewa inayopita kooni, sehemu nyembamba kuliko zote ndani ya vali, hufikia kasi ya sauti: zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Kuanzia hapo, hata nje kukiwa ombwe tupu, haitapita gramu moja zaidi. Taarifa kwamba presha ya nje imeshuka husafiri ndani ya gesi kwa kasi ya sauti, na kooni gesi inakimbilia nje kwa kasi hiyohiyo. Taarifa haiwezi kurudi nyuma. Mtungi haujui kabisa nje kuna nini! Wafaransa wawili, Saint-Venant na Wantzel, waliandika kuhusu kikomo hiki mwaka 1839, zamani kabla ya ndege na roketi.

Kwa mhandisi hiyo ni neema, kwa sababu yanabaki mambo machache ya kupiga hesabu: eneo la koo, presha ya ndani, joto, na aina ya gesi. Koo la milimita 8, kwa hewa ya kawaida yenye presha ya baa 10 kuanzia ombwe, lingepitisha takriban kilo 7 kwa dakika. Vali halisi hupitisha pungufu kidogo. Ukizidisha kipenyo mara mbili, unapata mara nne. Hewa ikiwa ya moto, uzito unaopita hupungua.

Basi kwa nini tusiweke vali kubwa mno, tulale usingizi? Kwa sababu vali iliyozidi kipimo hufunguka, humwaga presha ghafla, hujifunga, kisha hufunguka tena, mara nyingi kwa sekunde. Mtetemo huo hugongagonga kiti cha vali, yaani pale inapojifungia, hadi kikaharibika, na vali huanza kuvuja. Bomba jembamba la kuingilia huleta balaa hilohilo.

Ndiyo maana inaniuma kuona vali ikibadilishwa kwa kuangalia nyuzi za skrubu tu: zikiingia, kazi imekwisha. Vali mbili zenye nyuzi sawa zinaweza kutofautiana kabisa kooni. Soma maandishi yake: presha ya kufungukia, na kiasi inachopitisha. Kiasi hicho kisipungue upepo wote ambao kompresa inaweza kusukuma.