Miji Huazimana Akili: Tabora, Lamu na Unguja (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulianzia Gongoni, hapa Tabora mjini, tukaona jinsi misafara ya pembe na watumwa ilivyoufanya mji huu kuwa njia panda ya kwenda Ujiji na ya kurudi Bagamoyo. Leo tuangalie mji unavyojifunza kwa mwenzake. Kila yanapozuka mazungumzo ya urithi wetu, shauri la kwanza huwa lilelile: tuwe na tamasha kama la Unguja. Mimi naona huko ni kuezeka kabla ya kusimamisha ukuta.

Tuanze na Lamu. Katikati ya miaka ya 1980, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, msanifu majengo Francesco Siravo na mwenzake Ann Pulver waliukagua mji mkongwe na kuuandalia mpango wa uhifadhi: nyumba zilivyo, vichochoro, pwani, na namna ya kukarabati bila kuwafukuza wenyeji. Mpango huo ulichapishwa mwaka 1986, na mwaka huohuo mji ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Unguja ilikuwa na Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, lakini majumba yalizidi kuporomoka. Ilipofika miaka ya 1990, Siravo huyohuyo akaja kuongoza mpango wa Mji Mkongwe kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Maarifa ya Lamu yalivuka bahari ndani ya kichwa cha mtu aliyekwisha kuyafanyia kazi. Mpango ulikamilika mwaka 1994. Tamasha la filamu, ZIFF, lilianza 1998. Tamasha la muziki, Sauti za Busara, 2004. Sisi huku bara tunasikia ngoma za matamasha kule Ngome Kongwe, hatusikii miaka ya kupima kuta iliyozitangulia. Hata hivyo, Unguja nayo ina somo chungu: Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit el Ajaib iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Mpango haushiki ukuta usiotunzwa.

Sasa, cha kuazima ni kipi? Si chokaa. Lamu na Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Tembe la Kwihara, hapa jirani na Tabora, alikokaa Livingstone mwaka 1872, ni jengo la udongo, nao udongo hudai kukandikwa tena na tena na mafundi wanaoujua. Mafundi hao wako vijijini kwetu, wala hatuna haja ya kuwaagiza kutoka pwani. Cha kuazima ni ule utaratibu wa kukagua kwanza na kuamua baadaye.

Wala Tabora haiko peke yake. Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia ya kati ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, Kwihara ikiwemo pamoja na Bagamoyo na Ujiji. Miji hii ni shanga za uzi mmoja, lakini sijaona ikikaa pamoja kwa mazoea.

Ningependa daftari la kwanza lifunguliwe Gongoni: nyumba ipi ni ya zamani, ilijengwa na nani, mlango wake umechongwa au la, mwembe ulio mbele yake unasimuliwa vipi na wazee wa mtaa. Kazi hiyo yahitaji walimu wa historia, vijana wenye subira na karani wa manispaa wa kutunza majibu. Wiki ijayo tutashuka Ujiji.