Kwa Nini Mtoto Mchanga Hupimwa Oksijeni Mkononi na Mguuni

Mzazi akimwona muuguzi akifunga kipima oksijeni kwenye mkono wa kulia wa mtoto mchanga, kisha akikihamishia mguuni, anaweza kudhani kifaa kimeharibika. Hakijaharibika. Muuguzi analinganisha namba mbili, na tofauti yake inaweza kufichua shinikizo la juu la damu kwenye mapafu.

Tumboni, mtoto hupata oksijeni kupitia kondo la nyuma. Mishipa ya mapafu huwa imebana, na damu nyingi huyapita kando kupitia tundu la ndani ya moyo na mshipa mfupi ulio nje yake. Mtoto akizaliwa na kulia, mishipa ya mapafu hufunguka. Kwa wengine haifunguki inavyotakiwa, hasa waliochoka wakati wa uchungu, waliovuta kinyesi chao cha kwanza hadi mapafuni, au wenye maambukizi. Damu huendelea na njia ya zamani bila kuchukua oksijeni.

Mshipa huo mfupi humwaga damu hiyo mbele ya pale damu ya mkono wa kulia inapochepuka, ndiyo maana mguu husoma chini. Tofauti inayozidi asilimia 10 humtia daktari shaka kubwa. Hata hivyo, namba zikilingana ugonjwa bado unaweza kuwepo: damu ikivukia ndani ya moyo pekee, mkono na mguu husoma chini pamoja.

Kazi ngumu ni kuutofautisha na kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, ambazo pia humfanya mtoto awe samawati lakini matibabu yake ni mengine. Eksirei huonyesha hali ya mapafu. Jibu kamili hutoka kwenye picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na kwa kuwa si kila kituo kina mashini hiyo, mtoto huweza kupewa rufaa. Njiani aendelee kupata oksijeni na afunikwe vyema, kwani baridi huzidisha kubana kwa mishipa.

Viganja na nyayo kuwa samawati siku ya kwanza ni kawaida. Tazama ulimi, midomo na ufizi penye mwanga wa kutosha; kwa ngozi nyeusi, huko ndiko rangi huonekana. Ulimi ukiwa samawati, au mtoto akiguna, kifua kikibonyea ndani, au akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mwite muuguzi papo hapo. Aliyejifungulia nyumbani amkimbize mtoto hospitalini. Dalili hizi mara nyingi hujitokeza siku ya kwanza, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua.